Mpwa wako asiozwe kwanza

Ndugu, umeuliza kuhusu mpwa wako wa S3 (kidato cha tatu) aliyepata mimba, na wazee wanataka aolewe na kijana wa bodaboda kabla tumbo halijaonekana. Mimi ni VHT, mhudumu wa afya wa kijiji upande wa Busia, na mambo haya hunijia mlangoni.

Hamko peke yenu. Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta karibu msichana mmoja kati ya wanne wa miaka 15 hadi 19 hapa Uganda ameshazaa au ana mimba. Ule wa 2016 ulikuta karibu vilevile, kwa hiyo wanaoisingizia Korona wana nusu ya ukweli tu, ingawa shule kufungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022 kulituumiza sana.

Mwili una hatari zake: kifafa cha mimba, upungufu wa damu, uchungu wa muda mrefu kwa nyonga ambayo haijakomaa, na fistula inayomwacha akivuja mkojo. Lakini kwa niliyoyaona, kinachomaliza wengi ni kikao cha wazee.

Kwa jirani yangu walikaa baba, upande wa kijana, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Soda zikanywewa, wakapatana ng'ombe wawili. Binti alikuwa nyuma ya nyumba anasugua sufuria, hakuna aliyemwita. Ng'ombe mmoja akauzwa kulipa karo ya kaka yake (hapo nilishika kichwa). Baadaye kijana alivuka kwenda Kenya kutafuta kazi, simu ikawa haipatikani. Binti akarudi kwao na mtoto mgongoni na mimba nyingine. Leo anauza nyanya kwa madereva wa malori, na bibi ndiye anayelea. Mtoto wa kwanza naye hurudishwa nyumbani kwa karo kila muhula.

Isitoshe, kumpa mimba aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Hao wazee hawana mamlaka ya kulifuta kwa ng'ombe. Kama kijana naye hajafikisha 18, sheria humtazama kama mtoto. Na ndoa, Katiba inasema 18.

Shule hajaipoteza. Mwongozo wa wizara ya elimu wa 2020 unasema aende likizo mimba ikifika miezi mitatu, arudi mtoto akiwa na miezi sita. Mwalimu mkuu akikuzungusha, nenda kwa ofisa elimu wa wilaya.

Wewe ni mjomba, una sauti: omba kikao kiahirishwe. Wiki hii mpelekeni kituo cha afya cha serikali, hapo kliniki ya wajawazito ni bure. Apimwe damu na VVU, apewe vidonge vya kuongeza damu na chandarua. Shangazi yake amsindikize, maana akienda peke yake kuna manesi watakaomsema mpaka asirudi tena.