Beta haishuki, msimwage sampuli

Wadogo zangu wa maabara, Jumanne nimemkuta mmoja wenu hapa Lubumbashi amejishika kichwa: "Yaya, PCR imenikatalia, polimerasi beta haishuki." (PCR ni kipimo cha kuona jeni inatumika kiasi gani; polimerasi ni kimeng'enya cha kutengeneza DNA.) Nilicheka, kisha nikaona haya. Kosa hilo nililifanya kabla yenu.

1. Umri wa panya andikeni kwa penseli. Alkoholi inafuta wino wa biki.

2. Si kila polimerasi inashuka. Hapa nikae kidogo. Memwari yangu, yaani kazi ya kumaliza chuo, ilikuwa ini la panya, tangu tumboni mwa mama hadi utu uzima. Nilijua ini likikomaa seli zinaacha kugawanyika, basi polimerasi alfa, PCNA na timidini kinasi ya 1, zote za kusaidia seli kunakili DNA, zitashuka. Zikashuka, nikatembea kifua mbele. Ikaja beta: mstari umelala kama mkeka. Nikarudia. Nikarudia tena. Wiki 3 za vitendanishi zilikwisha hivyo, na mbaya zaidi, mbele ya watu nilimshutumu mwenzangu kwamba amechanganya vichupa. Alinyamaza tu. Siku mwalimu aliyenisimamia aliponiuliza, "Beta kazi yake nini?", na mimi nikanyamaza.

Kumbe beta inaziba DNA iliyoharibika, na seli isiyogawanyika nayo inaharibikiwa. Alfa ndiyo ya kuanzisha nyuzi mpya. Nyumba ikiisha, wajenzi wanaondoka, lakini mvua bado inanyesha na paa lina mtu wake. Yule mwenzangu nilimwomba radhi kwa sahani ya bukari na samaki. Alikula yote, hakusema neno.

3. GAPDH, jeni tuliyozoea kulinganishia vipimo, si mzani wa serikali: kiungo kikikua nayo inaweza kubadilika, wekeni jeni za kulinganishia 2 au 3. Tena alfa ikishuka katika ini zima, msiseme kila seli imeipunguza; huenda seli zinazogawanyika ndizo zimebaki chache. Ukikata theluthi 2 za ini la panya mkubwa wa maabara (rat) aliyekomaa, alfa inapanda tena, na utengenezaji wa DNA unafika kilele kama saa 24 baadaye. Wewe uliyekata Ijumaa ukarudi Jumatatu, umekuta wageni wa arusi wameshaenda kwao.

Na wewe wa Jumanne, kuna kichupa hata kimoja hujamwaga? Kilete leo, kabla umeme haujakatika.