Kuomba viza ya muda mrefu kwa safari ya miguu: kutoka Wete hadi Pyrenees

Anayetaka kutembea kwa miguu nchini Ufaransa kwa miezi mitano aanze na hesabu ya siku. Viza ya kawaida ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, Ufaransa ikiwemo, inamruhusu Mtanzania kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, na uchovu wa miguu au mvua iliyofunga njia si sababu ya kuongezewa. Mimi nilipanga kuifuata GR 65, mojawapo ya njia ndefu za watembeaji zilizopewa namba, kutoka Le Puy-en-Velay hadi Saint-Jean-Pied-de-Port, kisha niingie GR 10 na kupita milima ya Pyrenees kuelekea mashariki hadi Banyuls-sur-Mer, ufukweni mwa Bahari ya Mediterania. Ni zaidi ya kilomita 1,400, na kwa umri wangu wa miaka 56 sikutaka kuzikimbilia.

Niliomba, kwa hiyo, viza ya muda mrefu ya mgeni asiyefanya kazi. Fomu hujazwa katika tovuti ya France-Visas, si zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, na ada niliyolipa ilikuwa yuro 99. Unatakiwa pia kutia saini ahadi ya kutofanya kazi na kuwa na bima ya afya ya muda wote wa kukaa. Hayo niliyamaliza kwa wiki moja. Kazi ilikuwa katika fedha na malazi.

Sisi wenye mikarafuu Pemba hatupokei mshahara wa kila mwezi. Fedha huja na msimu. Taarifa yangu ya benki ilionesha miezi mingi ya salio dogo, kisha kiasi kikubwa kilichoingia kwa mkupuo mmoja, na mtu asiyeijua karafuu akiiona karatasi hiyo atadhani fedha zimeazimwa ili zioneshwe. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa niliiwasilisha bila maelezo. Nilitakiwa kuthibitisha chanzo chake, na ilinibidi nirudi kwa boti kutoka Dar es Salaam hadi Pemba kutafuta stakabadhi za misimu mitatu za mauzo kwa ZSTC, shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu. Wewe ziweke katika faili tangu mwanzo, pamoja na barua fupi inayoeleza kwamba karafuu huchumwa kwa msimu na kwamba mapato ya msimu mmoja ndiyo matumizi ya mwaka.

Barua ya sheha nayo inahitaji uangalifu. Kwetu inatosha kuthibitisha makaazi ya mtu na hata umiliki wa shamba, lakini afisa wa kigeni hamjui sheha ni nani. Nilimwomba mfasiri aongeze chini ya tafsiri sentensi moja inayoeleza kwamba sheha ni kiongozi wa serikali katika shehia, anayewatambua wakaazi wake.

Kuhusu malazi, wengi hushauri kumficha afisa kwamba utakuwa ukihama kila siku. Nasema kwa dhati kwamba ushauri huo ni mbaya, kwa sababu barua ya maombi, bima na tiketi lazima zisimulie safari moja. Rafiki yangu wa Toulouse, ambaye zamani alifundisha skuli yetu, aliniandikia barua ya kukubali kunipokea, akaambatanisha nakala ya kitambulisho chake na ankara ya umeme; anuani hiyo ikawa makaazi yangu rasmi. Kisha niliweka jadweli la vituo, wiki kwa wiki, na uthibitisho wa nafasi nilizolipia katika nyumba za watembeaji kwa siku kumi za mwanzo. Nilieleza pia kwa nini naanza Aprili: njia za juu za Pyrenees huwa na theluji hadi Juni, hivyo GR 65 lazima itangulie.

Ukiipata viza, soma yaliyoandikwa juu yake kabla ya kuondoka. Yangu ilikuwa ya aina inayopaswa kusajiliwa kwa mtandao ndani ya miezi mitatu baada ya kuingia nchini, na kuna kodi ya kulipa. Niliisajili Toulouse, kwenye meza ya rafiki yangu, kabla ya kupanda treni ya kwenda Le Puy, kwa kuwa milimani intaneti hukatika kwa siku kadhaa. Nakala ya uthibitisho niliifunga katika nailoni pamoja na pasipoti, nikazibeba kifuani hadi Banyuls.