Msibani Bangkok na Magongo Yako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uende msibani kwa mama wa mwenye nyumba wako huko Bangkok, maana unatembelea magongo, goti halikunjiki, na unaogopa kuonekana umewadharau wafiwa kwa kutopiga magoti. Nenda, mwanangu. Wamekulea kama mtoto wao.

Miaka niliyouza vito Chanthaburi, mashariki mwa Thailand, nilifika misiba mingi ya Wathai. Matanga hukaa hekaluni, mara nyingi siku tatu, tano au saba, na jioni watawa wanne huketi jukwaani wakighani maandiko. Kumbi nyingi zina viti, na wazee wa magoti mabovu wapo kila msiba. Mpigie mwenye nyumba leo umweleze hali yako, kisha uwahi kabla watu hawajajaa.

Mbele ya jeneza wenzako watapiga magoti. Wewe omba kiti kisogezwe pale. Ukisimama na magongo huwezi kukutanisha viganja. Ukikaa, mikono yote miwili iko huru. Viganja vikutane kifuani, kisha inamisha kichwa mpaka vidole viguse uso. Marehemu huwashiwa kijiti kimoja cha udi. Vitatu ni vya Buddha. Kama udi unakusumbua moyoni, kuinama kunatosha.

La kuangalia sana ni huo mguu ulionyooka. Kuelekeza unyayo kwa sanamu ya Buddha au kwa watawa ni utovu mkubwa wa adabu kwao, na mgeni hujisahau. Chagua kiti cha mwisho wa safu, ukae upande, mguu uelekee ukutani. Safu ya mbele waachie wakubwa. Magongo yalaze chini ya kiti, maana watawa hupita karibu, na mwanamke hapaswi kuwagusa hata kwa bahati mbaya.

Vaa nyeusi au nyeupe. Rambirambi itie kwenye bahasha yenye jina lako.

Siku ya kuchoma maiti, watu hupanda ngazi kuweka ua la mbao jepesi penye jeneza. Ngazi hizo zina mwinuko mkali, usijaribu. Mpe mmoja wa wafiwa ua lako akuwekee, nawe uinamishe kichwa ukiwa chini.

Umeandika kwamba watachoma Ijumaa. Wathai kwa kawaida hawachomi maiti siku hiyo, kwa hiyo ukimpigia mwenye nyumba muulize tarehe upya.

Baba yako