Maswali na Majibu ya Hesabu: Kuchoka Siyo Uthibitisho

Mwanangu ameulizwa kama 4,294,967,297 ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe. Tumejaribu 2, 3, 5, 7, 11 na 13, zote zinabakiza. Tuandike tasa? (Mzazi, Pasua, Moshi)

Msiandike. Mlichothibitisha ni kwamba mmechoka. Kipeuo cha pili cha namba hiyo kinazidi 65,536 kidogo, kwa hiyo anayetaka kuapa kuwa ni tasa azipitie tasa zote mpaka huko. Ila msione haya: Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, naye aliamini ni tasa. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641.

Wala hakuna haja ya kupapasa. Kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Majaribio matano, basi.

Mgawanye kwa mkono, simu muiweke pembeni. Juzi binti mmoja wa duka pale Mbuyuni aliifanya nyuma ya boksi la sabuni: 641 kwenye 4,294 inaingia mara 6, inabaki 448, shusha 9, inaingia mara 7, inabaki 2. Akashusha 6 ikawa 26, akashusha 7 ikawa 267, zote hazitoshi, naye hakuandika sufuri hata moja. Akaja na 67,417. Nikamrudishia boksi lake. Jibu ni 6,700,417, nayo ni tasa.

Kigawe kikubwa kabisa cha 4,294,967,297 ni kipi? (Mwanafunzi, Sakina, Arusha)

Hakipo: vigawe ni namba unazopata ukiizidisha, navyo havina mwisho. Unauliza *vigawo*, zinazoigawanya bila kubakiza, na nimechoka kuwatenganisha hawa wawili kila mwezi. Vigawo viko vinne: 1, 641, 6,700,417 na namba yenyewe. Mwalimu akikunyima maksi kwa herufi moja, usije kwangu kulalamika.

Programu yangu ya kuhesabu ikifika 4,294,967,295 inarudi sufuri. Imeharibika? (Fundi kompyuta, Kaloleni, Arusha)

Haijaharibika, imejaa. Biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, haziwezi kubeba zaidi ya hapo. Kipe kihesabio chako biti 64, na ufanye hivyo kabla mteja hajapoteza kumbukumbu zake. Ila itazame namba yenyewe: 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Kila moja ni tasa, na kila moja ni 2 kwa kipeo fulani, ongeza 1, mtindo uleule wa Fermat. Hizo tano alizipata sawa, akateleza kwenye ya sita, ile 4,294,967,297. Mpaka leo hakuna tasa nyingine ya mtindo huo iliyopatikana.

Naweza kuitumia 4,294,967,297 kama namba ya bahati kwenye mkeka wa kubeti? (Njiro, Arusha)

Hapana. Na mkeka uache.

Urefu wa Kilimanjaro, mita 5,895, ni namba tasa? (Rau, Moshi)

Inaishia na 5, ndugu yangu! Ni 3 × 3 × 5 × 131. Na kabla hujaniandikia kuhusu siri ya mlima: pima kwa futi, utapata kama 19,341, ambayo ni 3 × 3 × 7 × 307. Mlima ni uleule, ile 5 imeshaondoka.