Ua la porini lililoponea nyuma ya choo

Kiangazi cha Lubumbashi hakimhurumii mwenye maua ya kununua. Kuanzia Mei mpaka Septemba mvua hakuna, bomba linakohoa hewa, na maji ya bidoni huwezi kuyamwagia maua wakati watoto hawajaoga. Miaka miwili nilizika hela hivyo katika lupango yetu, yaani kiwanja chetu, mtaani Katuba. Mwaka wa tatu nikachuma mbegu za lile jani refu linalojiotea kando ya barabara ya Kipushi, lenye maua ya rangi ya chungwa.

Wataalamu wanaliita Leonotis nepetifolia, na Afrika ndiko kwao. Shina lina pembe nne. Ukilizungusha kati ya vidole unazihisi. Juu yake kuna mafundo ya miiba kama mipira, na kila fundo linatoa maua kidogo kidogo, la chini kwanza, kwa hiyo chakula cha wadudu hakiishi haraka.

Kata fundo lililokauka, ulikung'ute ndani ya mfuko. Vaa glavu, mimi nilijifanya jasiri, nikashinda nachomoa miiba. Ngoja mvua ya Novemba ishike, mwaga mbegu, funika kwa udongo mchache. Samadi achana nayo. Nilipoweka ya kuku, mimea ilinipita urefu, upepo ukailaza yote. Udongo wetu mwekundu unatosha. Iachanishe hatua moja, mbali na kamba ya nguo.

Adui mkubwa si jua, ni panga. Februari nilikwenda msibani Likasi siku tatu. Nilivyorudi, kijana niliyemlipa afyeke majani akanipokea kwa furaha: “Mama, na ule uchafu wa miiba nimeutoa.” Ungemgombeza vipi? Ilibaki mitatu nyuma ya choo, na hiyo mitatu ndiyo iliyoleta ndege aitwaye chozi asubuhi baada ya asubuhi, pamoja na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa boriti.

Nyuki wa asali hawafaidi sana, maana ua ni mrija mrefu na ulimi wao haufiki chini. Hao nimewapandia kivumbasi pembeni.

Mafundo mengine yakate kabla hayajamwaga mbegu, la sivyo mwakani utayapalilia mpaka kwa jirani.

Siku hizi nazungushia matofali. Juzi kijana yuleyule alifyeka mpaka kwenye matofali, akasimama, akaniuliza kama haya ya ndani nayapika.