Mtihani Umeisha, Wiki Mbili Zimebaki: Neno Langu kwa Mwalimu wa Uraia

Juzi usiku nilipata ujumbe wa mwalimu kijana aliyepangiwa kazi mkoani Njombe. "Shikamoo Madam. Kidato cha Nne wameshaondoka, Kidato cha Tatu wamemaliza mtihani wa kufunga mwaka, na bado kuna wiki mbili. Nikiingia darasani nifanye nini? Wengine wameshaenda kupanda mahindi." Nilimjibu kwa sauti ya dakika nane, na baada ya kutuma nikaona bado nina ya kusema.

Mdogo wangu, mimi wiki hizo nilizitupa kwa miaka mingi. Huku Mufindi mvua za mwisho wa mwaka zikishaanza, mwalimu hujikunyata ofisini na marundo ya pepa, wanafunzi wanafyeka majani na kurudisha madawati. Nilijua siyo sawa ila nilikuwa nimechoka.

Kilichonigeuza ni lugha. Mahakama ya Mwanzo imetumia Kiswahili siku zote, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa kikawa lugha ya mahakama zetu hadi za juu. Nikawatazama wanafunzi wangu: haki zao wamezikariri kwa Kiingereza tangu Kidato cha Kwanza, wanaziandika vizuri kwenye pepa, lakini ukimuuliza mmoja kwa Kiswahili afanye nini polisi akimkamata, anainama. Mwaka uliofuata, mtihani ulipokwisha, nikawaambia tunafungua mahakama.

Kesi ilikuwa ya kijana anayedaiwa kuiba mbao 12 kwenye shamba la jirani. Mbao huku ndizo ada na ndizo mabati, hakuna mtoto ambaye hajasikia ugomvi wa misonobari. Tukapata hakimu, karani, mwendesha mashtaka, wakili, mashahidi. Mimi nikakaa dawati la nyuma. Tuliianza na wanafunzi 21. Siku ya tatu walikuwa 40 na zaidi, wengine wamerudi kutoka mashambani na matope miguuni.

Hakimu alikuwa binti mmoja mpole, ambaye mwaka mzima hakunyoosha mkono. Shahidi wa kwanza alipomaliza, mwendesha mashtaka akaita wa pili. Binti akagonga meza: "Mshtakiwa hajapewa nafasi ya kumuuliza huyu maswali. Hatuendelei." Hakuna aliyemfundisha hilo siku ile. Alikuwa amesoma mwenyewe Ibara ya 13(6) ya Katiba, ile ya haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Nilijivuna, sifichi. Leo yuko Lushoto anasoma sheria.

Jioni hiyo hiyo mvulana mmoja alinifuata karibu na stoo. "Madam, na mimi je? Mimi sikusikilizwa."

Wiki moja kabla, nikiwa mwalimu wa darasa lao, nilikuwa nimemwandika kati ya waliopoteza vitabu. Alisema amekirudisha, nikamwambia asinipotezee muda. Mama yake aliuza debe mbili za mahindi, mbegu ya msimu, akaleta shilingi 15,000. Usiku ule nilifungua stoo kwa tochi ya simu. Kitabu kilikuwepo. Namba yake ni 74, na kwenye daftari, kwa mwandiko wangu mwenyewe, imeandikwa 47.

Nilipeleka zile pesa nyumbani kwao kwa miguu. Mama alizipokea kwa mikono miwili, akanikaribisha chai. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo linaniuma mpaka leo. Kesho yake nikaomba radhi mbele ya darasa lote. Mwenzangu mmoja mwenye cheo akasema ofisini, wote wakisikia, kwamba nimewavua walimu nguo, na kwamba mahakama yangu ni kelele za Kiswahili kwenye shule ya Kiingereza. Hakuna aliyenitetea. Nimemsamehe, ila siku ile siisahau.

Basi ushauri wangu ni huu. Fungua mahakama. Tumia Kiswahili. Chagua kesi inayofanana na maisha yao, na wewe kaa nyuma unyamaze. Ukiona wanakosea, nyamaza, watajirekebisha.

Ukiwa na siku za ziada, wasimulie ya Isimani. Siku ya Krismasi mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi na mkulima Saidi Mwamwindi, wakati wa joto la vijiji vya ujamaa. Mwamwindi aliupeleka mwili mwenyewe polisi mjini Iringa akajisalimisha. Waulize: mtu aliyejipeleka mwenyewe, kesi ya nini? Kesi ilisikilizwa hata hivyo, kabla ya hukumu ya kifo. Hapo darasa litawaka, maana wengi wameisikia kwa babu zao. Lakini usiwaigizishe hiyo. Koo za pande zote mbili zipo, na msiba wa watu si mchezo wa darasani.

Na wewe mwenyewe uwe tayari. Ukiwafundisha watoto haki ya kusikilizwa, watakuja kuidai kwako, na watakuwa na haki. Mwalimu anayeogopa hilo anafundisha Uraia wa nini? Tunalalamika vijana hawajui sheria, wakati sisi ndio watu wa kwanza kuwahukumu bila kuwasikiliza.

Siku hizi orodha ya wadaiwa vitabu naibandika mlangoni siku kumi kabla ya kufunga shule, na pembeni ya kila jina kuna nafasi ya mwanafunzi kuandika maelezo yake. Mwaka huu yapo majina 19. Hadi leo mchana saba wameandika, na watatu kati yao vitabu vyao nimevikuta stoo.