Bustani iandae Mei, ukisubiri Julai umeumia

Kuna dada wa Buswelu kanitumia picha ya majani ya mbele ya nyumba yake, yamekauka yote, anauliza apulizie dawa gani. Dada yangu hakuna dawa, na usiyang'oe, huo ni ukoka, juu umekauka ila mizizi iko hai, mbolea ya dukani usiiguse mpaka mvua za vuli zianze. Ila nyie wengine mnaoanza kuhangaika Saba Saba imeshapita, kiangazi cha Mwanza hamkijui?

Mimi nakaa mlimani, udongo kiduchu tu halafu chini jiwe. Napanda ukoka jirani akanicheka mbele za watu, eti mtu mzima na akili zako unalima chakula cha mbuzi, si upande hata mchicha. Nikanyamaza. Binti yake alivyofanyiwa sendoff picha wakaja kupigia wapi? Kwangu! Wamekanyaga wee na vile viatu vya kisigino, vishimo kila mahali, na asante sijaisikia mpaka leo. Haya tuyaache.

Kazi inafanyika Mei, masika bado inadondoka. Chukua uma wa bustani toboatoboa ardhi hasa pale watu wanapopita, mwaga samadi iliyooza (iliyooza nasema, mbichi inaunguza na inakuletea magugu), pitisha reki, mvua itaizamisha yenyewe. Ndago nayo ing'oe hapohapo udongo ukiwa laini, chimba mpaka utoe kile kinundu cha chini, ukivuta majani tu wiki ijayo iko palepale.

Halafu acheni kukata mpaka udongo uonekane! Vijana wa slesha wanapenda hivyo ionekane wamefanya kazi. Ondoa theluthi ya juu basi, yanayobaki yanaukinga udongo na jua. Watu wa siku hizi mnataka vizuri ila kuinama hamtaki, ukuta mrefu, geti linang'aa, ukiingia ndani vumbi tupu. Mungu kakupa kiwanja, kitunze basi.

Maji mwagia asubuhi na mapema, mengi, mara moja au mbili kwa wiki, hii ya kunyunyiza kidogokidogo kila jioni inafanya mizizi ibaki juujuu. Kwetu bomba ni la mgao kwahiyo maji ya kusuuzia nguo nayamalizia pembeni ya jiwe, pale ndo panakauka kwanza maana jiwe linashika joto mpaka usiku.